Darizi ya uzi mweusi: kasoro inaonekana kwenye kitambaa, chanzo chake kiko wapi?

Darizi ya uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe haina pa kujificha. Kwenye foronya na mashuka yetu ya maua, nyekundu na kijani hufunika makosa madogo. Huku kuna mstari mweusi na weupe wa kitambaa, basi. Wengi wanaoianza huiacha njiani wakiamini mkono wao ni mzito. Kwa kazi nyingi ninazoletewa kuzitazama, mkono hauna kosa. Kasoro ilishaingia kabla uzi haujatungwa kwenye sindano: kwenye kitambaa, kwenye hesabu ya mchoro, au kwenye njia ambayo sindano ilipangiwa kupita.

Kwa asiyeifahamu: hii ni darizi ya kuhesabu nyuzi za kitambaa, na ilishamiri Uingereza katika karne ya 16. Waingereza waliiita kazi ya Kihispania, wakiihusisha na Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa mfalme wao Henry VIII, aliyefika kwao kutoka Hispania mwaka 1501. Mchoraji Hans Holbein aliionyesha vizuri sana kwenye picha za watu wa ikulu ya Henry VIII, kiasi kwamba mshono wake mkuu ukapewa jina lake. Mshono wenyewe kila fundi wa Dar es Salaam anaujua nusu yake: ni bandi. Unapiga bandi kwenda, halafu unarudi njia ileile ukijaza mapengo. Ukiupiga sawasawa, mbele na nyuma zinafanana, ndiyo maana ulipendwa kwenye kola na kafu, mahali ambapo watu huona pande zote mbili.

Kabla ya kufumua chochote, geuza kitambaa utazame nyuma. Kisha chukua rula uhesabu nyuzi. Kisha rudi kwenye karatasi. Fuata mpangilio huohuo, kwa sababu kufumua uzi mweusi kunaacha vumbi la uzi kwenye kitambaa cheupe, na ukifumua pasipohitajika umejiongezea kazi.

Duara limekuwa yai, mraba umekuwa mstatili

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi. Mtu anatuma picha kwenye simu: "Dada fundi, nimehesabu kila kishimo, mbona ua limerefuka?" Amehesabu kweli. Kitambaa ndicho kilichomwangusha.

Weka rula juu ya kitambaa, hesabu nyuzi ndani ya inchi moja (sentimita 2.54) kwa urefu, halafu kwa upana. Ukipata 28 upande mmoja na 24 upande wa pili, ua la mishono 20 kwa 20, kila mshono ukivuka nyuzi mbili, litatoka sentimita 3.6 upande mmoja na 4.2 upande mwingine. Tofauti ya zaidi ya nusu sentimita kwenye ua dogo namna hiyo inaonekana hata na mtu aliyekaa kochi la pili.

Dawa inategemea umefika wapi. Kama hujaanza, badili kitambaa. Kama unakipenda kitambaa hichohicho, chagua michoro inayovumilia kunyooshwa: majani, mizabibu, vigae vya mshazari. Acha nyota na maduara. Kama ni ukanda mrefu wa mapambo pembeni mwa kitambaa cha meza, kasoro haitasumbua mpaka ufike kwenye kona, ambapo upande mmoja utakuwa mnene kuliko mwingine.

Kuhusu kupata kitambaa hapa mjini. Aida, kile chenye matundu ya wazi, huuzwa kwa namba: 14 maana yake miraba 14 kwa inchi, nayo ni rahisi kwa anayejifunza. Kinachopendeza zaidi kwa maoni yangu ni kitani au pamba yenye ufumaji sawa, na njia ya bei nafuu ni kuchambua vitambaa vya meza vya zamani kwenye mitumba, Ilala au Tandika. Nenda na rula na kioo cha kukuzia, hesabu hapohapo kabla ya kulipa. Poplini na tetroni za Kariakoo zimefumwa kwa karibu mno. Hazihesabiki kwa macho. Kama huna jingine, tandaza poplini nyeupe juu ya karatasi ya grafu, weka kwenye kioo cha dirisha mchana, uweke nukta kila milimita 2 kwa penseli iliyochongwa vizuri. Ni kazi ya subira ila inatoka safi. Ukitumia kalamu ya alama inayotoka kwa maji, usipige pasi kabla ya kuzisuuza; joto huzifanya nyingine zing'ang'anie kabisa.

Na kitambaa cha pamba kifue kabla ya kudarizi. Pamba hupungua ikifuliwa, mara nyingi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Duara lililotoka zuri kwenye fremu likageuka yai baada ya kufuliwa lina sababu hiyo.

Pambo halikutani mwisho

Hapa tatizo ni hesabu ya kugawanya, na inafanyika kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, dakika tano.

Tuchukue mfano mgumu kidogo, ukanda wa kofia, kwa sababu kofia ni duara na duara halikupi pa kukwepa. Tuseme kichwa ni sentimita 56, na kitambaa kina miraba 14 kwa inchi. Mzunguko wake ni miraba 308. Umechora ua linalojirudia kila miraba 8. Gawanya 308 kwa 8: unapata 38 na nusu. Nusu ua litakaa nyuma ya kichwa, kwenye mshono, na kila anayeswali nyuma ya mvaaji ataliona.

Una njia mbili. Badili mchoro: 308 inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 14 bila kubaki kitu, kwa hiyo ongeza au punguza nafasi kati ya maua ili pambo lijirudie kila miraba 7. Au badili kipimo: miraba 312 inabeba maua 39 ya miraba 8, na kofia inakuwa sentimita 56.6. Nusu sentimita ya ziada kichwani haisumbui. Mimi ningebadili kipimo kama mchoro umenikaa moyoni, kwa kuwa ua zuri la miraba 8 ukilibana liwe 7 hupoteza kitovu chake. Kitovu cha ua la namba shufwa kiko kwenye mstari, cha namba witiri kiko ndani ya mraba, na hilo linabadili umbo zima la katikati.

Watu wanaoshona kofia za viua hupanga safu zao kwa jicho na mazoea, na zinakutana. Nawaheshimu sana. Sisi tunaohesabu nyuzi hatuna budi kutumia penseli.

Kwenye kitambaa kilichonyooka, kama cha meza, anzia katikati uelekee pande zote mbili. Ukianzia pembeni, masalio yote yatarundikana upande mmoja. Na usisahau mraba wa kufungia: pambo lenye mstari wa mwanzo linahitaji mstari uleule mwisho. Maua 20 ya miraba 8 yanataka miraba 161.

Kona ndiyo inayowatesa watu, kumbe ina njia nyepesi. Simamisha kioo kidogo kwenye karatasi juu ya mchoro wako, kikiwa mshazari wa digrii 45, ukisogeze taratibu kando ya pambo. Utaona kona inajichora yenyewe ndani ya kioo, na kila unaposogeza inabadilika. Simama inapopendeza, piga mstari hapo, nakili upande wa pili.

Mishono miwili imefuatana, mbele yake pana pengo

Unarudi ukijaza mapengo, mara unakuta mahali palipotakiwa kuwa na pengo pana mshono tayari, na mbele yake pana pengo ambalo sindano yako nayo inataka kuliruka. Wengi hupiga mshono wa kurudi nyuma ili kuziba, kazi inaendelea, lakini nyuma pamevurugika na uzi umerundikana. Kama pambo litaonekana upande mmoja tu, kama kwenye foronya, ziba uendelee, hakuna ubaya. Kama ni kola, au kitambaa cha mkate kinachofunuliwa, itabidi uelewe kilichotokea.

Bandi ni hatua: moja juu, moja chini, moja juu, moja chini. Ukiwa kwenye shina na ukafika kwenye tawi, ingia kwenye tawi mpaka ncha, rudi kwa njia ileile mpaka kwenye shina, ndipo uendelee. Tawi la mishono mitatu ni hatua tatu kwenda na tatu kurudi, jumla sita. La mishono mitano ni kumi. Kwenda na kurudi daima ni namba shufwa, kwa hiyo ukirudi shinani zamu yako ya juu na chini haijahama. Kama mshono uliofuata ulitakiwa kuwa juu, bado ni juu. Na matawi ndani ya tawi yanafuata kanuni hiyohiyo.

Zamu inahama ukizunguka umbo lililofungwa badala ya kurudi ulikotoka. Ukizunguka mraba wa mishono minne huna shida, umepiga hatua nne. Ukizunguka pembetatu, mishono miwili ya ukingo na mmoja wa mshazari, umepiga hatua tatu. Umerudi palepale kwenye shina ukiwa na zamu iliyogeuka, na kuanzia hapo kila mshono wa juu umekuwa wa chini. Ukirudi mwishoni bila kuizunguka tena, ndipo unagundua.

Kwa hiyo ukiona dalili hii, usichunguze hapo ulipo. Rudi kwenye karatasi utafute pembetatu, au umbo lolote lililofungwa lenye mishono witiri, ulilolipita kabla. Fumua kuanzia hapo tu. Ulipite upya kama tawi: zunguka mishono yake yote mitatu, kisha geuka uizunguke kinyume mpaka ulipoanzia. Hatua sita.

Ninapochora pambo jipya huwa naandika njia kwenye karatasi kwa mishale, ya kwenda kwa kalamu ya bluu na ya kurudi kwa nyekundu. Kila mstari wa mchoro ukibeba mshale mmoja wa kila rangi, njia imekamilika. Mstari wenye bluu tupu ni mahali utakapokwama, na ni afadhali uujue ukiwa na penseli mkononi. Vipande visivyogusana na pambo kuu, kama nyota ndogo zilizotawanyika, haviingii kwenye njia hii kabisa. Kila kimoja kinaanzwa na kufungwa peke yake. Mchoro wenye nyota nyingi za namna hiyo nyuma yake itakuwa na vifungo vingi, na heri ulijue hilo tangu kwenye daftari.

Mstari una meno

Mstari ulionyooka unaonekana kama ngazi, mshono mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Sababu ni kwamba kila tundu linapitiwa mara mbili, na unaporudi sindano inatokea upande tofauti wa uzi wa kwanza, leo kushoto kesho kulia. Weka mazoea: unaporudi, sindano itokee juu ya uzi uliopo kwenye tundu, na izame chini ya uzi uliopo kwenye tundu linalofuata. Kila mara hivyohivyo. Mishono yote italala kwa kuinama kidogo mno, kwa kiasi kimoja, na jicho litausoma mstari kuwa umenyooka.

Kama meno yanaendelea, angalia sindano. Sindano kali ya kushonea nguo inachana uzi wa kwanza na nyuzi za kitambaa. Tumia yenye ncha butu, namba 24 kwa Aida ya 14, namba 26 kwa kitani chembamba.

Picha nzima imekuwa kijivu

Umechora ndege, bawa ulitaka liwe jeusi, kifua cheupe, ukimaliza ndege mzima ana rangi moja. Darizi hii inapaka kivuli kwa wingi wa mistari ndani ya eneo. Mapambo mawili yanayotofautiana sura lakini yana mistari sawa kwa kila inchi, kwa mbali ni kijivu kilekile. Ukiyatazama kwa karibu unaona nyota na vigae. Ukisogea nyuma unaona doa moja.

Usianze picha bila kipande cha majaribio. Darizi mapambo yako yote ya kujazia kama vibanzi vya inchi moja moja kwenye mabaki ya kitambaa, yapange, halafu yapige picha kwa simu uondoe rangi na usogee nyuma hatua kadhaa. Yapange upya kutoka jepesi mpaka zito. Mawili yakikaribiana, toa moja.

Kisha una njia nne za kubadili uzito bila kubuni pambo jipya. Panua nafasi kati ya marudio. Toa baadhi ya mistari ya ndani, kama vile kuondoa msalaba ulio katikati ya mraba. Ongeza mistari. Au badili unene wa uzi: uzi wa kudarizi wa pamba kwa kawaida una nyuzi sita ndani yake zinazochambulika, na kwa kitani cha nyuzi 28 kwa inchi, nyuzi moja inafaa kujazia wakati mbili zinafaa mpaka wa umbo. Hii ya nne naipenda kuliko zote, maana pambo lilelile linaweza kuanza na nyuzi mbili upande wa kivuli na kuishia na moja upande wa mwanga, na bawa likajaa duara bila kubadili hata mraba mmoja kwenye karatasi.

Kosa lingine la eneo hili ni mpaka mzito uliozungushwa kila umbo. Mpaka ukiwa mweusi kuliko kivuli, jicho linasoma mpaka tu. Jaribu kuuacha kabisa upande unaopigwa na mwanga, ishia pambo mahali umbo linapoishia, hata kama nyota inakatwa katikati. Nyota iliyokatwa kwenye ukingo si kosa.

Vivuli vyeusi vinaonekana chini ya kitambaa

Umeruka kutoka ua moja hadi jingine kwa nyuma, na uzi mweusi unaonekana kupitia kitambaa cheupe. Hakuna dawa zaidi ya kuukata, kufunga pande zote mbili na kuanza upya upande wa pili. Mikia nayo isifungwe kwa fundo wala kuachwa ikielea: ipitishe chini ya mishono iliyopo, mitano au sita, ukikaa nyuma ya mstari.

Weupe umeingia ukungu, au weusi umechuja

Ukungu wa kijivu kuzunguka mishono unatoka kwenye uzi unaochakaa. Kata uzi mfupi, sentimita 45 hivi, chomoa nyuzi moja moja kisha uziunganishe upya, na uache sindano ining'inie mara kwa mara ili uzi ujisokotoe. Kwa joto letu la Januari mikono inatoka jasho, na jasho na uzi mweusi ni uchafu. Osha mikono, weka taulo magotini, na usiache kitambaa kwenye fremu usiku kucha, kwa kuwa duara la fremu hukamata uchafu na unyevu na kuacha alama ngumu kutoka.

Weusi kuchuja ni suala la rangi ya uzi. Pima kabla: lowesha kipande cha uzi, kibane kati ya kitambaa cheupe kilichokunjwa, piga pasi ya moto. Kikiacha doa, uzi huo usiutumie hata kama ni wa bei poa. Uzi wa cherehani mweusi mara nyingi ndio unaonunuliwa kwa haraka, nao ni mgumu na mwembamba, haulali vizuri. Afadhali upate uzi wa kudarizi hasa; kwa wa DMC nyeusi ni namba 310.

Kama umeshafua na rangi imetoka, usianike. Rangi ikikauka imekaa. Rudisha kwenye maji baridi mengi, badili maji mpaka yawe meupe, halafu kandamiza ndani ya taulo. Jiki usiiguse: itaondoa doa pamoja na weusi wa mishono. Uzi mweusi una historia yake ya kuharibika. Nguo nyingi za karne ya 16 zimebaki na matundu tu mahali hariri nyeusi ilipokuwa, kwa kuwa rangi ile ilitengenezwa kwa chuma na tanini, na chuma hicho kikaula uzi wenyewe kadiri miaka ilivyopita.

Kitambaa kimejikunja kuzunguka pambo

Umevuta sana. Bandi ikivutwa inakusanya kitambaa kama marinda. Kaza fremu, vuta uzi mpaka ulale, uache. Kama ni kidogo, lowesha kwa maji baridi, nyoosha juu ya taulo ukibana kingo kwa pini, kikauke hivyo, kisha pasi upande wa nyuma, pambo likiwa limelala juu ya taulo ili mishono isibanwe.

Ikibidi kufumua

Kosa la mraba mmoja katikati ya eneo lililojazwa liache. Kosa la mraba mmoja kwenye mpaka au kwenye mstari mkuu wa pambo lifumue siku hiyohiyo, maana kila kinachofuata kitahesabiwa kutoka hapo.

Usirudishe sindano yenye uzi kwenye matundu ulikotoka. Utachana uzi wa jirani. Toa uzi kwenye sindano, tumia ncha butu kuinua mshono mmoja mmoja. Kama ni eneo kubwa, kata kila mshono wa tatu kwa mkasi mdogo upande wa mbele, geuza, uvute vipande kwa kibanio upande wa nyuma. Vumbi jeusi linalobaki liondoe kwa selotepu: bandika, bandua, geuza kipande kipya, bandika tena. Usisugue wala usiloweshe kwa maji kabla vumbi halijaisha. Matundu yaliyopanuka yakwaruze taratibu kwa kucha, wima kisha mlalo, nyuzi za kitambaa zitarudi karibu karibu, na baada ya hapo unaweza kuhesabu tena kutoka kwenye mstari wa katikati, si kutoka kwenye mshono wa mwisho uliobaki.